Kitanda cha Vifaa vya Elfu Tatu

Chikongola, Mtwara
9 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Kassimu ameniambia kwamba juzi ulimaliza ugali na ukaomba mboga tena, kwa hiyo sikuulizi hali yako, nimeshaipata kwa dereva. Mimi mzima.

Kwenye mfuko anaokuletea kuna vifaa ulivyoagiza: msumeno, nyundo, pakiti ya bisibisi sita, futi ya kupimia na penseli ya fundi. Vyote vimetoka dukani kwetu, ambako kila kitu ni shilingi elfu tatu, na tafadhali usianze kukunja uso. Najua ulitamani vifaa kama vya marehemu baba mkubwa Abdulrahmani, lakini vile wanawe wameshagawana, na hakuna hata mmoja atakayekuazima msumari.

Tangu uliponiambia kwamba kitanda changu cha harusi utakitengeneza mwenyewe, sijui nicheke au nilie. Wewe ni mkulima wa korosho, baba. Kile cha dada Hamisa ulikitengeneza huku baba mkubwa akiwa amekusimamia mgongoni. Lakini naijua mila ya ukoo wetu, kwamba binti haendi kwa mumewe na kitanda cha kununua, na kitanda hakitoki uani kwa babake mpaka nikaha ifungwe. Najua pia kwamba tangu mama atutoke mwaka jana, hili ndilo jambo la kwanza ulilolitaka mwenyewe. Basi tengeneza. Nikaha ni baada ya Idi, muda upo.

Ukivijaribu niandikie kipi kinafaa na kipi hakifai. Kupiga simu sithubutu, maana wewe na simu hamsikilizani. Mkweo Fahad anakusalimu sana.

Mwanao,
Mwanakombo

*

Kilambo
16 Januari 2025

Mama,

Marahaba. Nakuita mama kwa sababu umebeba jina la mama yangu, si kwa sababu umebeba akili zake. Mama yangu asingenunua nyundo hii.

Nilifundisha kisomo cha watu wazima miaka saba, ripoti naijua inavyoandikwa. Soma.

Nyundo. Nimepiga mara nne. Mara ya tano nimepiga kwa mpini mtupu, kichwa kilikuwa kimeshaondoka kwenda kupasua mtungi wa jirani yangu Bi Riziki. Bi Riziki unamjua, amesema mpaka magharibi. Nimechonga mpini wa mkole nikautia, na sasa nyundo ni nzuri, inapiga inapoambiwa. Waambie wateja wako wanunue kichwa, ule mpini wakawashie jiko.

Bisibisi. Tano kati ya sita zimejinyonga ncha kwenye skrubu ya kwanza. Ile ndogo kabisa, ambayo nilidhani imetiwa kama zawadi ya mtoto, imenikazia miwani yangu iliyokuwa imelegea tangu mwaka juzi. Hii barua naiandika nikiona.

Msumeno. Kwenye mti wa mkorosho unakata vizuri. Nilipoupeleka kwenye mninga, meno yalilala. Mbao hizi za mninga nimezinunua kwa korosho za msimu mzima, siwezi kuzikwaruza na kijiko. Nimeazima msumeno wa Andrea, yule fundi wa mitumbwi.

Futi. Nimepima mlango wangu mara tatu nikapata milango mitatu. Kile kindoano cha mbele kinacheza. Nimekigonga kimetulia, ila sasa inazidisha kidogo kila mara. Nimeshaizoea. Usininunulie nyingine, maana futi mbili zitaanza kubishana.

Penseli ni nzuri mno. Haivunjiki na haijifanyi.

Nimeshapasua miguu minne. Fahad mwambie nimepokea salamu.

Babako,
Athumani Nassoro

*

Chikongola
27 Januari 2025

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma dukani nikacheka kwa sauti, Bi Farida mwenye duka akaja kuuliza nacheka nini saa za kazi. Nikampa aisome. Nilifikiri nimekwisha. Aliposoma habari ya nyundo alikwenda kwenye rafu, akaing'oa moja kichwa kwa mkono wake mwenyewe. Tangu siku hiyo ananiuliza, "Mzee wa Kilambo hajaandika?"

Mimi nami nimeanza ujanja. Mteja akishika bisibisi namnong'oneza achukue pakiti ya zile ndogo. Jana mama mmoja wa Mtawanya alikuja kutaka "ile penseli aliyoisifu babako". Umaarufu wako umefika mjini, baba, anza kutembea na fimbo.

Safari hii nakuletea randa, patasi mbili, pima maji, vibanio vinne vya kubania mbao na msasa wa aina mbili. Kula vizuri. Usifanye kazi juani.

Mwanakombo

*

Kilambo
5 Februari 2025

Mama,

Marahaba. Bi Farida mwambie bado sijamsamehe mtungi.

Randa ilikuja na kisu butu kama mgongo wa kijiko. Nimekinoa kwenye jiwe siku mbili, nikamwaga maji mengi na maneno kadhaa yasiyofaa kuandikwa. Sasa inatoa maranda membamba ambayo ukiyainua unaona mwanga upande wa pili. Inafaa, lakini anunue mwenye subira. Asiye na subira atairudisha kesho yake na kukutukana wewe.

Patasi zinafaa kuliko vyote ulivyoniletea. Chuma chake ni laini, nikichimba tundu moja lazima ninoe tena, lakini kinanoleka upesi na hakinuni. Mama yako Safina alikuwa na kisu cha namna hiyo, alikipenda mpaka kikaisha.

Pima maji iliniambia sakafu yangu imeinamia mashariki. Nikaigeuza ncha, ikaniambia imeinamia magharibi. Kifaa kinachobadili kauli ukikigeuza hakifai hata cha bure. Nimetumia maji kwenye sahani.

Vibanio viwili vilikatika kabla sijamaliza kuvikaza. Viwili vilivyobaki nabania karatasi zako. Mbao nazifunga kwa kamba ya katani na kuinyonga kwa kijiti. Msasa wa kukwaruza ni imara. Ule laini unaacha mchanga wake kwenye mbao na kubaki karatasi.

Sasa nijibu: upana nifanye futi tano au sita? Fahad simkumbuki vizuri, nilimwona siku ya posa tu, akiwa amekaa. Ni mrefu? Na nimechonga ua kwenye ubao wa kichwani. Nilikusudia asumini. Bi Riziki anasema ni pweza.

Babako,
Athumani Nassoro

*

Chikongola
12 Februari 2025
(Haikutumwa)

Baba,

Naandika hii nikijua kwamba sitampa Kassimu.

Harusi haipo. Imevunjika wiki mbili sasa. Fahad alitaka niache kazi kabla ya nikaha, nikamwambia tuzungumze. Hakuzungumza. Alikaa kimya siku kumi, kisha akanipigia kusema kwamba kwao Mikindani wamemwona msichana mwingine, na yeye hana kauli mbele ya mama yake. Hakuwa hata na sauti ya huzuni. Nililia chooni dukani nikarudi kupanga rafu.

Nimemwomba kitu kimoja tu, asikuambie mpaka nikuambie mimi. Amekubali.

Lakini nitakuambiaje? Mwaka mzima baada ya mama kufariki ulikuwa unakaa kibarazani kuanzia asubuhi, na Kassimu akikuletea samaki anawakuta wa juzi hawajaguswa. Nilikuwa nahesabu siku nikiogopa. Sasa unanoa randa, unagombana na Bi Riziki, unachonga pweza. Nikikuambia kwamba kitanda hakina harusi, utaweka patasi chini na kurudi kukaa. Heri niaibike mimi kuliko nikupoteze na wewe.

Sijui nitakuambia lini. Sijui.

*

Chikongola
12 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Fanya futi tano. Ni wa urefu wa kawaida.

Nakuletea gundi ya mbao chupa mbili, vanishi, na brashi tatu. Pweza mwache hapohapo, nitamzoea.

Huku salama.

Mwanakombo

*

Kilambo
24 Februari 2025

Mama,

Marahaba, mwanangu.

Gundi nimeipaka, nikaisubiri siku mbili kama maelekezo yanavyosema, na vipande vikaachana vyenyewe, bila hata kuvutwa. Nilikasirika, kisha nikashukuru. Imeachia mapema, kabla mtu hajaweka uzito wake juu. Nimeunga kila kiungo kwa ulimi na tundu, nikapigilia pini za mninga. Hakuna gundi hata tone. Kitaweza kufunguliwa na kufungwa tena popote.

Brashi zinanyonyoka kama mbuzi mgonjwa. Nilishinda nikichomoa nywele kwenye vanishi. Mwisho nimepaka kwa kitambaa cha kanzu yangu kuukuu, na kimeng'aa.

Kazi imekuwa ya polepole kidogo wiki hii, lakini inakwenda. Nahitaji vifaa vingine. Niletee spana, tupa, na kile kikasha cha kuwekea misumari. Hakuna haraka, lakini usikae sana bila kuniletea. Na unapoleta andika barua, hata fupi.

Unakula? Sijakuuliza siku nyingi. Ukiwa na la kuandika andika, mimi nasoma kila kitu, na miwani imekaza.

Ramadhani njema inayokuja, mama yangu.

Babako,
Athumani

*

Chikongola
10 Machi 2025

Baba,

Shikamoo, na funga njema. Nakula, usiwe na wasiwasi. Futari nafuturu kwa Bi Farida, anapika tambi tamu kupita kiasi na hataki nisaidie.

Vifaa ndivyo hivyo, ingawa spana za kitanda kisicho na hata nati moja sijazielewa. Nimeweka na tochi, uniambie inakaa siku ngapi.

Maandalizi yanaendelea vizuri. Nguo zimeshashonwa.

Mwanakombo

*

Kilambo
20 Machi 2025

Mama,

Marahaba.

Spana zinafaa, ni chuma kizito. Nimefunga baiskeli ya Andrea, amefurahi. Tupa ni ya kukwaruzia kucha. Tochi iliwaka siku mbili, ya tatu ikabaki kama jicho la mlevi.

Kitanda kimekwisha. Nimekilalia mimi mwenyewe mchana mzima nikiwa na saumu, nikageuka kushoto na kulia kwa makusudi, hakijasema neno. Bi Riziki amekitazama, akazunguka upande wa pili akakitazama tena, akakosa kasoro, akaondoka amekasirika.

Kipo uani, nimekifunika turubai. Nangoja neno lako tu. Utakaloniambia ndilo nitakalofanya.

Babako,
Athumani

*

Chikongola
23 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara nne, hii ni ya tano, na naituma hata ikiwa mbaya.

Hakuna nguo zilizoshonwa. Hakuna harusi. Fahad aliniacha mwishoni mwa Januari, anamwoa mwingine. Nilikudanganya kwenye barua ya mwezi huu, na kabla ya hapo nilikuwa nakunyamazia, na kunyamaza nako kulikuwa uongo. Umechoka, umejikata vidole, umetumia korosho za msimu mzima, na wakati wote mimi najua kwamba kitanda hakina pa kwenda.

Sikunyamaza kwa kuona aibu, ingawa aibu ninayo. Niliogopa. Niliona unaamka. Kila ripoti niliyoisoma nilimsikia baba yangu wa zamani, mkali, mwenye maneno, na nikasema acha aendelee wiki moja zaidi. Kisha wiki moja nyingine.

Nakuomba radhi. Kitanda kipeleke msikitini, au mpe Bi Riziki kwa ajili ya mtungi wake. Lakini usirudi kukaa kibarazani. Nakuomba sana, baba. Nikasirikie, nitukane, nitakuja Kilambo unitukane ana kwa ana, ila usirudi kukaa.

Mwanao,
Mwanakombo

*

Kilambo
26 Machi 2025

Mwanakombo, mama yangu,

Nimekusamehe kabla ya kufungua barua, Kassimu ni shahidi, nilimwambia hivyo akiwa bado hajazima pikipiki.

Nilikuwa najua.

Wewe umezaliwa pwani hii, umekulia mkekani na bibi zako, halafu ukasahau jambo ambalo hata mtoto wa chuo cha Kurani analijua. Posa ikivunjika, ile barua ya kukubali inarudishwa kwenye mkono ulioiandika. Fahad alikuahidi atanyamaza, na labda alinyamaza kweli, sina ugomvi naye kwa hilo. Lakini wazee wake wasingekaa na barua yangu ndani ya nyumba huku wakiposa kwingine. Mshenga wao alikuja tarehe kumi na tisa Februari, amevaa koti kwenye joto lile, akaniwekea barua yangu mkononi akiwa ameangalia chini. Nilikuwa nachimba tundu la mguu wa tatu. Nilimpa maji akanywa akaenda zake.

Siku mbili sikugusa randa. Si kwa sababu ya Fahad wala kwa sababu ya watu. Niliumia kwa kuwa ulikuwa huko peke yako na hukuwa na mama wa kumlilia, na babako hasikii simu. Nilitaka kupanda toyo ya Kassimu, juu ya mizigo, nije. Kisha nikasoma tena barua yako ya futi tano, ile fupi, nikaona jinsi ulivyojikaza ili mimi niendelee kuchonga. Nikasema, kama mtoto huyu amejikaza kiasi hiki kwa ajili yangu, sina haki ya kukaa.

Mbona sikukuambia? Niliogopa kama ulivyoogopa. Nilijua nikisema, utaniomba niache kazi, na barua zitakwisha. Spana sikuzihitaji, mama. Tupa sikuihitaji. Nilitaka Kassimu aje na karatasi yenye mwandiko wako. Kila nilipokuandikia nilikuachia nafasi useme, na wewe uliniletea tochi.

Sasa kuhusu kitanda. Bi Riziki anasema kitanda kinachotoka uani bila nikaha kina nuksi. Nimeulizwa pia na mzee mmoja baada ya tarawehe, eti nani aliwahi kufanya hivyo katika ukoo wetu. Nimemjibu kwamba hajawahi mtu, nitaanza mimi. Mila inasema binti atoke na kitanda cha mkono wa babake. Wewe ulishatoka. Unafanya kazi yako, unalipa chumba chako, unalala kwenye godoro chini na hukuniambia, nimeambiwa na Kassimu. Nilimtengenezea mwanangu kitanda, sikumtengenezea mkwe.

Siku ya pili ya Idi nitakuja nacho vipande vipande. Mwambie mwenye nyumba wako afungue geti kubwa. Ukiniambia nikipeleke msikitini tena, nitakasirika kweli.

Babako anayekupenda,
Athumani Nassoro

*

Chikongola
6 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Kassimu anasema mlifika salama, na kwamba njia nzima ulikuwa unamweleza habari za patasi. Pole yake.

Tangu ulipoondoka wapangaji wote wameshapita kukiangalia. Mama wa chumba cha pili amegonga miguu, amevuta ubao wa kichwani, ameuliza ni fundi gani. Nilipomwambia hakuamini. Bi Farida naye alikuja juzi baada ya kufunga duka, akakaa ukingoni, akapapasa pweza kwa muda mrefu, na alipoondoka macho yake yalikuwa mekundu. Amesema bisibisi hataziagiza tena, na kabla ya kuagiza kitu kingine chochote sampuli itakwenda kwanza Kilambo. Hakutania. Boksi la kwanza utalipata na barua hii.

Siku ile ulipokuwa unapigilia pini za mwisho nilitaka kukuambia mengi, lakini ulikuwa umeziba mdomo kwa pini na mimi nilikuwa nimezibwa na kilio. Nakuambia sasa. Asante, baba. Nilidhani mimi ndiye niliyekuwa nakushikilia.

Usiku wa kwanza nililala ukingoni kabisa, nimejibana ukutani, kama mtu aliyemwachia mwenzake nafasi. Wa pili vilevile. Leo adhana ya alfajiri imenikuta nimelala katikati.

Mwanao,
Mwanakombo